Ukuta wa Moto Sebuleni kwa Timotheo

Ukungu wa Mafinga unakufuata mpaka mfukoni, ndiyo maana benchi la kahawa mbele ya karakana ya Timotheo halikosi watu. Leo mwenyewe kahawa haimshuki. Jana kijiwe kilimtia hofu ya wadukuzi, akakimbia kuiwekea kompyuta ya nyumbani ukuta wa moto, ule wa kuchuja nani aingie kwa mlango upi. Sasa mkewe Eveline, mwalimu wa kwaya ya usharika, ana waimbaji sebuleni wanaotaka kuvuta wimbo mpya toka kompyuta hiyo kwa waifai, nayo haimfungulii yeyote. Mashindano ni Jumapili, Iringa.

— Mmeniponza, jamani. Eveline hanisemeshi.

— Vumilia kaka, alisema Clement, aitwaye Antena kwa kunasa kila habari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta si ndio ninao!

— Basi ziba ufa.

Silvester, ambaye hata bafu lake lina kofuli na wote wanamwita Kofuli, alitikisa kichwa.

— Kompyuta ina milango maelfu. Ukifungua mmoja, upepo wa msitu wa Sao Hill unaibamiza mingine yote.

— Acha zako! Timotheo akamkatiza.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Tuzime simu zote za Mafinga, tuanze upya.

— Ni ukungu huu, Antena akapandisha dau. Waifai imelowa, haivuki kizingiti. Anika ruta juani.

— Jua lipi?

Lea, mwimbaji wa sauti ya pili, akatokea akihema.

— Kamwene, wazee. Mwalimu anauliza, ule ukuta uliuwekaje?

— Ukuta wenyewe uliniuliza kompyuta iko wapi, Timotheo akajibu. Nyumbani, kazini, au mahali pa watu wote.

— Nikamwambia ajibu pa watu wote, Kofuli akadakia kwa fahari. Ijione iko stendi, isimwamini mtu!

Lea akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa wazee wangu, kompyuta iko sebuleni na sisi ni wa nyumbani. Kwa nini mliidanganya?

 

Timotheo aliweka kikombe chini. Alivuka barabara mpaka nyumbani, akaibadilishia kompyuta eneo, akaweka nyumbani, akaruhusu mlango wa nyimbo peke yake. Simu ya kwanza ikaimba, ya pili ikadakia, nyingine zikafuata kila moja kwa wakati wake, fujo tupu, naye akafurahi.

Alipoelekea mlangoni kurudi kijiweni, Eveline akamgeukia.

— Unakwenda wapi? Kaa hapa. Waimbaji wa besi ni wawili tu, uwe wa tatu.