Mdomo wa Pango la Kasimiri

Enzi za Mwingereza, kijiwe chetu cha mtaa wa Ng'ambo kilikuwa ubao mrefu mbele ya duka la Humaidi, na Mzee Ghalibu akituuzia kahawa na kashata. Humaidi tulimwita Tende, kwa biashara yake. Ambrosi alikuwa Telegramu, maana habari humfikia kabla haijatokea. Ngollo alikuwa Breki, alizoea kufunga breki za garimoshi. Yeye na Kasimiri seremala walikuwa marafiki toka utotoni. Lakini tangu mvua zikatike, Kasimiri alikuwa hakai tena nasi. Kila Jumapili, yeye na vibarua wawili wageni wa karakana yake, Raymundi na Marko, walibeba sururu na kamba wakaenda kilimani, njia ya Igunga, kufukua mdomo wa pango ulioporomoka zamani. Hawakutumwa na mtu. Jioni walipita mbele yetu wekundu kwa udongo, wakicheka. Kicheko hicho ndicho kilichotuuma.

Jumapili moja alasiri, Telegramu akaanza.

— Mtu mzima achimbe shimo bure? Thubutu! Mle mna kitu.

— Pembe za ndovu, akasema Tende. Misafara ilipovamiwa, wapagazi walificha pembe mapangoni. Kwa haki ni za babu yangu.

— Babu yako aliuza shanga.

— Na shanga zilinunua nini, bwana? Si pembe!

— Mimi nasema Mjerumani, akasema Telegramu. Alipokimbia aliacha mzinga mle. Mzinga mzima na magurudumu yake.

— Mzinga uliingiaje pangoni? nikauliza.

— Ndiyo sababu pango likaporomoka!

Breki akasonya.

— Nyie hamjui kitu. Mle mna njia, inakwenda chini kwa chini hadi Ujiji. Kasimiri akishaifungua, garimoshi letu litaota kutu. Na yeye atatembea mjini kama sultani, sisi tumpishe.

— Breki, nikamwambia, si alikuomba mwende wote?

— Mimi nikabebe mawe? Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Kasimiri ana watoto sita, akasema Telegramu.

— Basi aeleke mawe sita!

Tukacheka. Breki hakucheka.

— Sisi hata hakutuita, akanung'unika Tende. Miaka yote hii anakula tende zangu. Kapata wageni, katusahau.

— Wageni! akasema Breki. Yule Raymundi kaja mjini juzi tu, leo anamwita Kasimiri "ndugu yangu". Ndugu yake wapi?

— Unaona wivu, nikasema.

— Wivu wa shimo?

Akapiga funda la kahawa ya moto, likamchoma, akalimeza hivyo hivyo.

— Kama ni wivu, leo utakwisha. Asubuhi nimepita kwa jumbe. Nimemwambia wanachimba pembe za magendo. Kesho anatuma askari shimo lifukiwe.

Tende akaweka kikombe chini.

— Breki. Pembe ni maneno yangu ya barazani. Nilikuwa napiga soga tu.

— Ndiyo hayo hayo nimempa.

— Umemchongea rafiki yako kwa soga yangu?

Breki alifungua mdomo ajibu, akamwona mtu anakuja mbio kutoka upande wa barabara ya Igunga. Alikuwa Raymundi, vumbi hadi kwenye nyusi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kuna nini?

— Mdomo umefunguka! Mtu anapita kwa tumbo.

— Mmekuta nini? akauliza Telegramu, amekwisha simama.

— Hatujaingia. Kasimiri kakaa mlangoni, hataki mtu apite. Anasema walipokuwa wachunga mbuzi, yeye na mwenzake walijificha mle mvua ikinyesha, wakaapa kwamba siku moja wataingia pamoja mpaka mwisho wake. Kabla hawajarudi, mlango ukaanguka. Leo kanituma nimlete huyo mwenzake. Anasema aliwahi kumwita akakataa, lakini akisikia kumefunguka atakuja.

Akajifuta jasho, akatutazama mmoja mmoja, anatabasamu.

— Ngollo ni yupi hapa?

Mzee Ghalibu alikuwa ameinua birika amimine. Akalirudisha juu ya makaa. Sote tukamgeukia Breki, naye akainamia kikombe chake.