Mkono wa Duncan

Basi la kutoka Detroit lilikaribia forodha ya Windsor, ng'ambo ya mpaka, ambako Yesenia angepewa ukaazi wa kudumu kwa udhamini wa mumewe, Duncan.

"Mbona mumeo kakaa kule mbele?" bibi wa kiti cha jirani aliuliza, macho kayakaza.

"Tumenuniana, bibi. Theluji ya mlangoni. Kila mtu anasema zamu ya kuizoa si yake."

"Basi nuneni hivyo hivyo mpaka kwa afisa, mwanangu! Wa ndoa bandia ndio hugandana kama kupe."

Yesenia akacheka. Basi likasimama. Duncan akaja, akamshika mkono, yeye ambaye hata siku ya harusi hakuushika. Yesenia akashuka akijiuliza kama ameshikwa yeye, au ameshikwa ili afisa aone.