Zimwi Lililowapa Watoto Mgongo

Kamwene, wasikilizaji wapendwa wa Njombe, Makambako na kwingineko. Leo tunamkumbuka Mwalimu Teodora wa Yakobi, mchora zimwi. Narudia: mchora zimwi. Na tunajivunia.

Mwaka 1951 watoto wa shule yake walikuwa wakichepuka mianzini kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye mbeta za watu, vile vibuyu vya mianzi vya kukingia. Darasani wanafika wakiyumba. Teodora akachora kwa makaa kitabu cha picha, juu ya karatasi za mifuko ya sukari. Ndani yake zimwi la mianzini, pembe nne, meno nje, linamkodolea mtoto macho.

Lo! Dawa ikazidi ugonjwa. Ulanzi ulisalimika, lakini shule ikabaki tupu, maana njia ya shule ilipita mianzini humohumo. Msimamizi wa shule akatamka: "Jumatatu madawati yakiwa matupu, nafunga."

Teodora alilia, wasikilizaji. Shule ile ilikuwa roho yake.

Wiki hiyohiyo mumewe, Silvesta, alishuka Makambako akitoka migodini kusini. Sandukuni alikuwa na kitabu cha picha cha shujaa mwenye joho, anayeruka angani. Teodora akakipeleka kwa watoto, nyumba kwa nyumba, awatie moyo. Binti mmoja, Fidelia, akacheka: "Huyu mzuri mno, Mwalimu. Zimwi litamtafuna!"

Teodora akarudi nyumbani mbio, akashika makaa. Akachora zimwi lilelile, pembe nne zilezile. Safari hii akalivika joho, kisha akaligeuza: limewapa watoto mgongo, linaukodolea msitu macho.

"Sikulipunguzia hata jino," alimwambia Silvesta. "Asiyetisha atalindaje?"

Akaizungusha picha hiyo nyumba kwa nyumba, na Jumatatu madawati yalijaa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili sasa liliwajua wote kwa majina. Shule haikufungwa. Ipo hadi leo.

Juzi, mwaka huu wa 1960, Teodora amezikwa Yakobi. Fidelia, sasa muuguzi, na wenzake walilizunguka kaburi, wakageuka wote, wakalipa mgongo jeneza. Wazee wakanung'unika: "Adabu gani hii, kumpa marehemu mgongo?"

Silvesta akajibu, machozi yakimtoka: "Waacheni. Wanamlinda."

Pole sana, Baba Silvesta. Poleni wana Yakobi. Nawe msikilizaji, kabla hujazima redio, jiulize: lile linalokutisha tangu utotoni, umewahi kuligeuza likakulinda, au bado linakukodolea macho?