Chumvi Niliyomwaga Kando ya Wimbi

Akina mama wenzangu, nawasalimu kwa jina la Yesu. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, lakini mnanijua. Jina la mtu sitataja, kwa hiyo msianze kugeuza shingo mkitafuta ni nani.

Kule kijijini kwetu Mulanda kuna mama aliyeolewa na ndugu wa mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Mvua yetu ni moja, majembe tumenunua duka moja, na mashamba yetu ya wimbi, nafaka yetu ya uji na ugali, yametenganishwa na mstari wa nyasi tu. Lakini wimbi wake ukikomaa unainama kwa uzito. Wangu unasimama wima kama askari. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nikiamka, kabla sijanawa uso, natazama kwanza kwake. Akishona gauni, naumwa. Akipewa kuongoza kwaya, sauti yangu inakauka. Na yeye alikuwa ananisalimu vizuri kila siku, jambo hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikavuka mpaka pale Busia, nikaenda upande wa Kenya kwa nabii mmoja niliyesikia habari zake. Sikumwambia kitu. Alinitazama akasema, "Mama, kuna mtu wa karibu amekufunga mikono. Huwa mnakula pamoja." Hapo hapo nikajua ni nani. Sasa nani hapa asiyekula na jirani yake? Lakini siku ile sikujiuliza hilo. Akanipa chumvi ya upako, nizungushie pale ninapoanika wimbi, ili uchawi wa huyo mtu usivuke.

Mavuno yale ndiyo yalikuwa chakula chetu mpaka msimu mwingine, na mbegu ilikuwa humo humo. Nikaanika kwenye turubai uani, nikamwaga chumvi pande zote, upande wa kwake nikaongeza. Kisha nikaja hapa kwenye maombi, moyo umetulia.

Niliporudi, mbuzi wa kijiji kizima walikuwa uani kwangu. Wamelamba chumvi, wakapanda turubai, wakala wimbi, na uliobaki wakaukanyagia mchangani. Mnacheka. Chekeni tu. Mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe, tangu utotoni nimelambisha mifugo chumvi. Lakini nilipoambiwa hii ni ya upako, nikasahau kwamba ni chumvi.

Na aliyekuwa anawafukuza wale mbuzi kwa fimbo, leso imemlegea, jasho linamtoka, ni yeye. Mnajua nilisema nini moyoni? Nilisema, ona, amekuja kutazama kazi yake.

Akaenda kwake akaleta ungo. Akakaa chini, akaanza kupepeta. Hakuniuliza chumvi ile ilikuwa ya nini, ingawa aliona iliyobaki imerundikana upande wake. Tukapepeta, mpaka akasema, "Dada, tuombe. Omba wewe, wimbi ni wako."

Nilitaka kuomba yale maombi yangu ya kelele, ya kuchoma adui kwa moto. Lakini adui ameshika ungo, ananitolea mchanga kwenye chakula. Maneno yakakataa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mungu, huyu namwonea wivu. Sitaki anishinde. Chumvi nimemwaga kwa sababu yake. Nimechoka, nisaidie." Basi. Sijawahi kuomba maombi mafupi hivyo, wala ya kweli hivyo.

Aliweka ungo chini. Halafu akasema, "Amina. Sasa shika upande huu wa turubai, mvua inakuja."

Msimu uliofuata nilipanda mbegu aliyonipa yeye. Wangu nao sasa unainama, ingawa wake bado unainama zaidi, nimeupima kwa macho.

Nawashukuru nyinyi mlioniletea unga bila kuniuliza maswali. Namshukuru mama huyo, ambaye siri yangu hakuipeleka kisimani. Na wewe unayetaka kuvuka mpaka kutafuta chumvi, tia chumvi kwenye mboga. Mungu mwambie jambo lenyewe, hata kama linanuka.

Mimi sijapona kabisa. Leo nilipoingia nimeona mtu humu ana kitambaa kipya kichwani, kizuri kuliko changu. Nimeshamwambia Mungu. Nimemwambia kabla sijakaa, kisha nikaenda kukaa karibu naye.