Masika Henriette, Mama Udongo wa Keshero

Ndugu, majirani, wanafunzi wakubwa kwa wadogo, na ninyi mliokuja kuona kama kweli tumechapisha kile tulichosema tutachapisha: karibuni, kaeni. Tumekichapisha, sisi wa nyumba ya marehemu. Tangu msiba ulipotokea, familia imebishana juu ya jina moja katika karatasi hii ya mazishi, jina la Nyiransabimana, mwanamke Mtwa aliyemfundisha marehemu kufinyanga na ambaye marehemu alimwita mama. Kuna waliotaka litolewe. Halikutolewa, na mkisikiliza mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Masika Henriette alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964 huko Kyondo, karibu na Butembo, katika familia ya Kikatoliki ya wakulima. Baba yake alikuwa marehemu Papa Théophile Kambale, na mama yake marehemu Mama Léocadie Kahindo, Mungu awarehemu. Alimfuata kaka yake, Papa Édouard, ambaye yuko nasi hapa. Ukaidi wa Masika haukuanzia Goma. Akiwa na miaka sita, jirani mmoja alimpiga Édouard kofi kwa kosa asilolifanya. Masika akakataa kumsalimia jirani huyo. Alichapwa kwa kukosa adabu, na kesho yake akapita mbele ya mtu yuleyule na mdomo umefungwa. Papa Théophile mwenyewe aliishia kucheka, akasema mtoto huyu ukimvunjia fimbo mgongoni ataomba akuletee nyingine.

Shule ya msingi aliisoma Kyondo, na ya sekondari Butembo, kwa masista, ambako alipata diploma ya Serikali katika ualimu mwaka 1984. Mwaka uliofuata alishuka Goma na kuanza kufundisha darasa la kwanza. Wanafunzi wake wa siku zile, ambao sasa wana mvi, wanasema alikuwa mkali kwa kelele na mpole kwa makosa.

Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa na Papa Benny Baharanyi, dereva wa lori, mzaliwa wa Minova. Yeye Mnande, mume Mhavu! Pande zote mbili zilinung'unika. Wakaoana, wakanung'unikiwa, wakazaa. Mungu aliwajalia watoto wanne, na mmoja wao, Kavira, alitangulia akiwa mchanga.

Januari 2002 lava ya volkano ilishuka katikati ya mji ikala nyumba yao upande wa Birere, ikala na shule aliyokuwa akifundisha. Mama Masika alibaki na kanga mbili na watoto. Hakukaa chini kulia. Alianza kuuza vitenge Birere, na ndipo alipomkuta Nyiransabimana, mkimbizi kutoka Rutshuru, ameketi pembezoni mwa soko na vyungu vyake vya kupikia.

Alichokiona kilimkera kabla hakijamvutia. Wateja walikuwa wakichukua chungu na kutupa noti chini, wasiguse mkono wa yule mama kwa kuwa ni Mtwa. Vyungu vyake wanavitaka, maharagwe yaliyoiva humo wanayasifu, ila mkono uliovifinyanga ni mwiko. Mama Masika aliweka pesa yake katika kiganja cha Nyiransabimana, akakishika, akamwambia anataka kujifunza kazi hiyo.

Nyiransabimana alidhani anachezewa. "Mama, hii kazi ni ya Batwa," alimwambia. "Bantu batakucheka."

"Bacheke tu," akajibu Mama Masika. "Meno ni yao."

Basi akaketi chini, mwalimu mwenye diploma, akaanza kujifunza kukanda. Watu walicheka kweli. Walisema lava imemchoma akili, maana ni nani anayetafuta udongo Goma? Mji huu umejengwa juu ya mawe meusi. Ukichimba shimo la choo unavunja sururu. Papa Benny ndiye aliyetoa jibu: kwao Minova, katika bonde, udongo mzuri upo. Tangu hapo magunia yalivuka ziwa kwa mashua mpaka Kituku, na kutoka pale yakapanda kwa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, hadi Keshero, ambako walikuwa wamepata kiwanja kipya. Mara ngapi askari walitoboa magunia hayo wakitafuta silaha, wakakuta udongo, wakakasirika! Mama Masika aliwaambia kila mmoja wao aje Jumamosi, atafundishwa.

Tanuru lake la kwanza aliliwasha Novemba 2006. Nyiransabimana alikuwa amemuonya kwamba vyombo bado ni vibichi, mvua ni nyingi, wasubiri. Lakini Mama Masika na kusubiri hawakuwahi kuwa marafiki. Moto ulipokolea, vyungu vilianza kupasuka kimoja baada ya kingine: pa! pa-pa! pa! Mnajua mji wetu. Aveni nzima, nyumba kwa nyumba, ililala chini. Akina mama walivuta watoto chini ya vitanda, mtu mmoja akapiga simu kwa ndugu zake Sake akiwaaga, na Papa Benny, aliyejua fika kwamba mke wake anachoma vyungu, alikutwa amejikunja nyuma ya kabati. Majirani walipogundua kwamba risasi zenyewe ni vyungu, walikuja kwa hasira kutaka kubomoa tanuru. Mama Masika aliwapokea kwa maombi ya msamaha, akawaonyesha vigae, na akakiri mbele ya wote kwamba mwalimu wake alimwonya na yeye hakusikia. Wanne kati ya waliokuja kubomoa walirudi wiki ile kujifunza. Hao ndio darasa la kwanza.

Darasa lilikua. Jumatano mchana watoto, Jumamosi wakubwa, mpaka Mama Masika alipoamua kuwachanganya, kwa sababu wakubwa peke yao waliogopa kukosea na watoto peke yao walirushiana udongo. Alikuja fundi cherehani, alikuja mwanasheria, alikuja Mama Jamila, mjane wa mfanyabiashara wa Maniema, na wajukuu wake wawili. Waliojua kuchora walichora. Wasiojua walifinyanga mbuzi wenye miguu mitatu na kusifiwa vilevile.

Halafu kukatokea lile jambo. Siku moja mzazi alimkuta Nyiransabimana akinywa uji kwa kikombe cha darasa. Akamshika mwanawe mkono mbele ya watu, akasema, "Mutoto yangu hawezi kunywa na Mutwa." Jumamosi iliyofuata nusu ya darasa haikuja. Wengine walituma ujumbe kwa adabu: yule mama abaki nyuma ya nyumba akande udongo, darasa alifundishe Mama Masika peke yake, na watoto watarudi. Hata paroko aliambiwa azungumze na Mama Masika.

Angeweza kukubali. Darasa lilikuwa maisha yake, na mtu yeyote mwenye hesabu angekubali. Mama Masika aliweka sheria, na wote mliopita Keshero mnaijua. Kila mwanafunzi anafinyanga kikombe chake cha kwanza, na kikishachomwa si chake tena. Vikombe vyote vinaingia katika beseni moja. Kabla ya kugusa udongo, kila mtu anafumba macho, anachukua kikombe kinachokuja mkononi, na uji unamiminwa. Wa kwanza kunywa ni Nyiransabimana. Asiyekunywa, hafinyangi.

"Na kama mutu anakataa?" Mama Jamila alimuuliza.

"Atabaki na kiu yake," akasema. "Njia ya kurudia kwake anaijua."

Kwa miezi mingi walibaki wachache. Mama Jamila alikunywa wa pili siku ile ya kwanza, na tunamshukuru mbele ya umati huu. Wengine walirudi mmojammoja, wengine hawakurudi kabisa, na Mama Masika hakumfuata mtu. Watoto ndio walioshinda vita hivyo bila kujua kwamba ni vita. Wao walimwita Nyiransabimana Koko, yaani bibi, na waligombea kuketi karibu naye kwa sababu ndiye aliyejua kusimulia hadithi za sungura huku mikono ikifanya kazi.

Hatutaficha kwamba jambo hili lilimgharimu ndani ya familia pia. Katika sherehe ya komunyo ya binti yake Charline, mwaka 2008, wageni kutoka Butembo walikataa kuketi meza moja na Koko. Mama Masika hakupaza sauti. Alichukua sahani yake, akatoka nje, akala na Koko karibu na tanuru, akiwa amevaa nguo yake ya sherehe. Papa Édouard, aliyekuwa miongoni mwa wageni hao, hakukanyaga tena Keshero kwa miaka mingi, na jambo hilo lilimuuma dada yake mpaka mwisho. Alimpenda kaka yake. Lakini hakubadilisha meza.

Mei 2021, volkano ilipotema tena na mji ukaambiwa uhame, gari lililokuja kuwachukua lilikuwa limejaa. Aliambiwa kuna nafasi ya mtu mmoja tu, yeye. Alimpandisha Koko, akatembea hadi Sake na kundi la majirani, akiimba njiani nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya aliyojaliwa. Na Januari 2025, mabomu yalipotua hata mitaani, alifunga darasa kwa majuma mawili tu. Mashua za udongo zilikuwa hazivuki. Alichukua vyombo vyote ambavyo havijachomwa, akaviloweka kwenye pipa, vikawa tope, wakavifinyanga upya. Jumatano wanatengeneza, wiki inayofuata wanaloweka, wanatengeneza tena. Mtoto mmoja alilia kuona bakuli lake zuri likiyeyuka. Mama Masika akamwambia kwa kumbembeleza, "Usilie, papa. Mukono yako ingali inajua." Watoto wengi waliokuwa wamenyamaza tangu milio ile walianza kuzungumza wakiwa na udongo mikononi, na wazazi wao wako hapa, waulizeni.

Ugonjwa wa figo ulianza Agosti 2024. Alitibiwa hapa Goma, na tungetaka kumpeleka mbali zaidi, lakini uwanja wa ndege ulifungwa na njia zikawa ngumu. Wakati wote alipolazwa, Koko alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akamwosha, akamkanda miguu iliyovimba. Muuguzi mmoja alitaka kumtoa nje akisema kwamba wanaobaki ni ndugu wa damu peke yao. Aliuliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Ni mama yangu," akasema marehemu.

Muuguzi akawatazama, huyu mrefu, yule mfupi, akacheka. Mama Masika hakucheka, na Koko alibaki.

Siku chache kabla ya kufariki aliwaita watoto na mumewe. Alijua. Aliomba darasa lisifungwe, na akaomba kwamba majina ya aliowaacha yakiandikwa katika programu ya mazishi, Koko awe wa kwanza, na aandikwe kama mama. Charline alimwambia kwamba wakubwa watakataa. Naye, kwa pumzi ile ndogo aliyokuwa nayo, akajibu: "Mukimutoa mu programu, na miye munitoe mu sanduku." Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, amepokea sakramenti zote.

Wakubwa walikataa, kama Charline alivyosema. Juzi katika kikao cha familia, rasimu ilirudishwa ikiwa na neno "mtumishi" mbele ya jina la Koko. Papa Édouard alisema, naye alikuwa na machozi, "Mama yetu tulimuzika Kyondo. Huyu atakuwa mama wa nani?" Hatumdhihaki kwa swali hilo. Ni swali la mtu aliyempoteza mama. Papa Benny ndiye aliyemjibu: "Shemeji, ule mama wa Kyondo alimuzaa, na ninamuheshimu. Huyu alimuosha akiwa anakufa. Wee ulikuwa wapi? Miye nilikuwa wapi? Jina linabaki." Kikao kilivunjika bila maafikiano, na Charline akapeleka karatasi kwa mchapaji jioni ileile.

Kwa hiyo, marehemu Masika Henriette ameacha mama yake, Nyiransabimana, aliyeketi kiti cha kwanza mbele. Ameacha mume wake, Papa Benny Baharanyi, watoto wake Guylain, Charline na Mapendo, wajukuu watano, kaka yake, Papa Édouard, na mke wake, mashemeji na wakwe, na wanafunzi wa Keshero, ambao hatukuweza kuwaorodhesha kwa kuwa karatasi ingekuwa kitabu. Darasa litaendelea Jumatano ijayo, saa zilezile, kwa sheria ileile ya vikombe.

Padri ameshaarifiwa kwamba anayetangulia kutia udongo kaburini ni mama wa marehemu. Koko, tunakuomba sasa usimame, ili kila aliyesoma jina lako aone na uso wako. Papa Guylain, mshike mkono, jiwe hapa linateleza.

Mama Masika, lala kwa amani, umechoka kwa haki. Aliyebaki na ugomvi na wewe, agombane na sisi.