Yotham Mazengo, Mchambuzi Aliyepima Simu Jikoni kwa Watu

Marehemu Yotham Mazengo alizaliwa Chamwino tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Bartolomayo Mazengo na Mama Debora, wakulima wa uwele. Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe kando ya barabara, penye nguzo za simu. Upepo wa huku kwetu mnaujua. Yotham alikuwa akibandika sikio kwenye nguzo, nyaya zikivuma juu, naye anafumba macho na kusema watu wa mbali wanazungumza humo ndani. Siku moja ng'ombe wakaingia shambani kwa watu, yeye yuko nguzoni amesimama. Alichapwa sawasawa, na kesho yake akarudi palepale.

Alianza darasa la kwanza Chamwino mwaka 1957, akaendelea na sekondari Dodoma mjini hadi 1968, kisha akasomea ufundi wa simu Dar es Salaam. Mwaka 1971 aliajiriwa na shirika la simu, akarudishwa Dodoma. Hapo ndipo alipomwona Paskazia, mpiga chapa aliyetoka Bukoba, Mkatoliki wa kweli kweli, naye Yotham Mwanglikana. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika miaka miwili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Wenzake walifungua vibanda. Yeye alikaa barazani kwake, mtaa wa Area D, miezi mitatu, anatazama vumbi likipita. Mama Paskazia alipomuuliza anawaza nini, alisema zinakuja simu zisizo na waya na kompyuta za kila namna, na watu wetu wataliwa bila mtu wa kuwaambia ukweli. Mama anakiri alidhani homa imempanda kichwani. Lakini kuanzia 1995 marehemu aliandika makala kila wiki katika gazeti, na kila mwezi karatasi yake mwenyewe, Mama akiipiga chapa. Makarani wa Bunge waliigombania, wenye maduka nao vilevile. Alisema kampuni ipi inasema kweli, na kompyuta ipi inauzwa kama mpya ilhali imeshafunguliwa. Akienda kwenye ofisi za kampuni alibeba chai yake kwenye chupa. Alisema soda ya bure huandika makala yenyewe.

Hapa familia ilibishana. Geofrey, mwanawe, hakutaka yafuatayo yasomwe mbele ya jeneza. Mama Paskazia alitoa karatasi yenye mwandiko wa marehemu: "Mkinisifu, someni na kosa langu la Chamwino. La sivyo msisome kitu."

Basi tunasoma. Mwezi Juni 2000 kampuni moja ya simu, ambayo hatutaitaja, ilitangaza kwamba mtandao wake umefika Chamwino. Marehemu alikwenda kupima. Mafundi wa zamani walifundishwa kwamba anayetafuta mawimbi hupanda juu, naye akapanda lile jiwe kubwa juu ya kijiji, akapiga simu, ikaita vizuri kabisa. Akaandika kwamba Chamwino inapata. Hakukumbuka kwamba hakuna anayeishi juu ya jiwe.

Dada Dorkasi Matonya, jirani wa utotoni, aliuza mtamba wake akanunua simu, kwa sababu mdogo wake alikuwa mahututi mjini. Simu ile haikuita hata mara moja. Alipopata habari kwa mdomo wa mtu na kufika makaburini Miyuji, kule mjini, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Marehemu alimwendea, akapiga magoti uani, akaanza kueleza habari za kampuni. Dada Dorkasi alimkatiza: "Mdogo wangu, hiyo kampuni mimi siijui. Niliyemwamini ni wewe."

Aliandika kosa lake ukurasa mzima. Kampuni ikaondoa matangazo gazetini, gazeti nalo likamwondoa yeye. Ndipo akaanza kutembea. Miaka mitatu alizunguka vijiji kwa miguu, anabisha hodi, anaomba akae jikoni na simu mkononi, kimya, akisubiri iite. Watoto walimwita mzee wa kusikiliza. Kuna akina mama wanaosema alikuwa akisinzia hapo mafigani huku anatabasamu, na uji unachemka. Kila nyumba aliiandika: hapa inapata, hapa haipati. Taratibu watu wa mjini walirudi kumuuliza. Dada Dorkasi alimsalimia vizuri kila mara, lakini habari za simu hakumuuliza tena, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kufukuzwa gazetini.

Kisukari kilimwingia kwenye figo, akalazwa Oktoba 2003. Ijumaa tarehe 7 Novemba alikuja Obedi, mtoto wa Dada Dorkasi, akasema ametumwa. Umejengwa mnara mpya, na mama anauliza kama kwao simu itapata. Marehemu alilia. Wodi nzima ikamwambia ajibu ndiyo, maana mnara wenyewe Obedi anauona kutoka mlangoni kwao. Akasema, "Mwambie dada sijui. Sijafika kupima."

Jumapili asubuhi Obedi alirudi. "Mjomba, mama anasema hatununui. Tunakungoja wewe." Marehemu aliomba aambiwe mara ya pili, akaambiwa. Saa sita mchana, tarehe 9 Novemba 2003, alifariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Ameacha mjane, Paskazia, watoto watatu, Evodia, Geofrey na Anna, wajukuu wanne, na mdogo wake Yoramu. Tunamtaja pia, kwa ruhusa yake mwenyewe, dada yake Dorkasi, aliyeketi hapa mbele pamoja na wafiwa.

Bwana ampokee mtumishi wake, na miguu yake iliyotembea sana ipumzike kwa amani.