Swali Nililoinyima Kompyuta

Assalamu alaikum, kina mama wenzangu. Mwanijua kwa mdomo, na kweli ninao. Leo niacheni niutumie kwa jambo la aibu yangu mwenyewe.

Mwanzo wa miaka hii ya tisini nalikuwa mchaguzi wa mbata, ile nazi iliyokaushwa, kwenye ghala moja la Changamwe. Shule niliiacha darasa la pili, lakini gunia halikuingia ghalani mpaka mimi niseme liingie. Wanaume wenye tai walinisubiri. Nilivimba kichwa, sikatai.

Siku moja meneja akaleta kompyuta, na bwana mmoja mpole wa kuifundisha. Ilitakiwa iulize maswali, karani ajibu ndiyo au la, kisha yenyewe iamue gunia liingie au lirudi. Ujuzi huo ilikuwa iupate kwangu.

"Bibi, wajuaje kama mbata imekauka?"

"Naivunja. Ikilia kavu, imekauka."

"Na kingine?"

"Rangi. Harufu."

"Na kingine?"

"Basi, mwanangu. Wataka na siri za ndoa yangu?"

Akacheka, akaandika. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoteleza. Maana lilikuwako la nne, kubwa kuliko yote. Mimi hutia mkono katikati ya gunia mpaka kiwikoni. Juu huwa kavu, kumbe ndani pana vuguvugu. Mbata ya namna hiyo ukiirundika hujipika yenyewe mpaka ikashika moto. Nilijiambia, wakishajua na hili, mimi watanitakia nini?

Nikaenda mazishini Kwale siku tatu. Huku nyuma kompyuta ikauliza, ikajibiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ikasema ingiza. Niliporudi, mchana kweupe, ghala linatoa moshi, na mwenzangu mpanga magunia ameketi chini, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba si yake. Ngozi imemtoka kwa moto.

Meneja akailaumu kompyuta. Mimi kimya. Miezi, kimya. Lakini mkono wangu haukunyamaza. Nikiutia kwenye unga, nahisi lile vuguvugu. Nikimfunika mjukuu shuka, nalihisi.

Siku moja niko Chaani kwa yule mpanga magunia, namlisha uji maana kijiko hakishiki, akaniuliza:

"Wewe ulijua?"

"Nalijua."

Akameza.

"Nimalizie uji. Kisha nenda ukawaambie, kabla hajaungua mwingine."

Nikaenda, nikasema yote. Yule bwana hakunikaripia. Aliongeza swali moja tu: katikati ya gunia pana joto? Wala sikufukuzwa. Kumbe kompyuta haina mkono, na swali lile lilihitaji mkono wa kulijibu.

Nawashukuru nyinyi mliomfulia na kumpikia wakati ule wa mwanzo, mimi naona haya kupita mlangoni kwake. Namshukuru zaidi yeye, aliyeketi pale nyuma, aliyenipa ruhusa ya kusema. Enyi wenzangu, kama kuna jambo ulijualo peke yako, na laweza kumuumiza mtu, liseme wakati mwenzio bado mzima.

Tukimaliza hapa mtanipa mkono. Mkihisi joto, niambieni. Mimi sijui tena kama ni langu au la lile gunia.